Mzigo ghalani kwanza, dau baadaye

Swali limetoka kwa kijana wa Masasi. Nimelifupisha kidogo:

“Shikamoo mama. Nina miaka 27. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza tovuti ya mnada: mtu anaweka bidhaa, watu wanapandisha dau, mwenye dau la juu anachukua. Tunataka iwe eBay ya Kusini, tuanze na Mtwara na Lindi halafu twende Tanzania nzima. Tumeshatumia milioni nne, tumebakiwa na milioni sita. Tumewatembelea wauzaji zaidi ya mia moja. Karibu wote wanailalamikia tovuti kubwa ya matangazo wanayotumia sasa, matapeli wengi na kutangaza ghali, lakini tukiwaambia wahamie kwetu wanajibu ‘tutaangalia’. Na sisi ni bure kabisa. Tunakosea wapi? Tutashindanaje na mkubwa?”

Marahaba, mwanangu. Hiyo “tutaangalia” ya watu wa Kusini unaijua mwenyewe: ni hapana iliyovalishwa kanzu.

Nimeifungua tovuti yenu kwa simu yangu ya kawaida nikiwa Mikindani, mtandao ukisuasua, na imefunguka vizuri. Aliyeiandika anajua kazi yake, mpe salamu. Kosa halipo kwenye kompyuta. Lipo kwenye lile neno “wahamie”. Mmepita kwa watu mia mkihesabu malalamiko yao, na malalamiko ni kipimo kibovu. Mtu analalamikia nauli ya basi kila wiki, na kila wiki anapanda.

Tazama huko huko mlikojilinganisha. Mwanzoni mwa 2008 eBay, ile tovuti ya mnada ya Marekani, ilitangaza kwamba muuzaji hataruhusiwa tena kumpa mnunuzi alama mbaya. Wauzaji wakawaka, wakaitisha mgomo, wakaondoa bidhaa zao wiki nzima. Aprili 2022 ikawa zamu ya Etsy, soko la vitu vya kazi za mikono: makato yalipopanda kutoka asilimia 5 hadi 6.5, maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki moja. Mara zote mbili wiki iliisha, na wengi wao wakarudi palepale, kwa sababu wanunuzi walikuwa hawajaenda popote. Halafu kuna zile sifa. Tangu 1996, mwaka mmoja baada ya Pierre Omidyar kuifungua ile tovuti kule California, mauzo ya eBay yanaacha alama: mnunuzi anamsema muuzaji, kwa wema au kwa ubaya, na dunia nzima inasoma. Muuzaji aliyekusanya sifa 800 kwa miaka saba hawezi kuzitia kwenye mfuko wa rambo aje nazo kwenu. Kwenu anaanza upya, kama mpangaji aliyehamia jana.

Na hiyo bure yenu ilishajaribiwa na watu wenye ubavu. Yahoo ilifungua mnada wa bure Marekani mwaka 1998, wakati jina lake likiwa kwenye kila kompyuta. Amazon ikafungua wake Machi 1999, ikiwa tayari na mamilioni ya wateja. Mnada wa Amazon ulififia, na kilichoibeba baadaye ni mlango mwingine ilioufungua Novemba 2000, wa kuwaacha watu wengine wauze kwa bei isiyobadilika pembeni ya bidhaa zake yenyewe. Yahoo ikafunga mnada wake wa Marekani mwaka 2007. Kitu cha bure kisicho na mnunuzi ni ghali, kwa sababu muuzaji anakilipia kwa muda wake.

Wapo waliomshinda mkubwa, sikatai. Kule Japani, Yahoo ya hukohuko ilianza mnada Septemba 1999 bila kutoza. eBay ikaingia miezi michache baadaye ikiwa na ada mkononi, na mwaka 2002 ikafungasha virago. China ndiyo hadithi tamu zaidi. eBay ilinunua tovuti iliyokuwa ikiongoza nchini humo, ikamaliza kuichukua yote mwaka 2003. Mwaka huohuo Jack Ma, mfanyabiashara wa hukohuko China, akaleta tovuti yake, Taobao. Ilikuwa bure, ndiyo, lakini watu wengi wakisimulia huishia hapo na kuacha utamu. Taobao iliweka mahali pa mnunuzi na muuzaji kuandikiana na kubishana bei kabla ya kununua, jambo ambalo eBay ililiogopa kwa sababu wakizungumza wataelewana pembeni na kukwepa ada. Mwaka 2004 ikaleta Alipay, ikishika hela ya mnunuzi mpaka mzigo umfikie. Huku eBay ikahamishia mitambo yake nje, tovuti ikawa nzito kwa Wachina wenyewe. Desemba 2006 ikakabidhi uendeshaji wa biashara hiyo kwa kampuni ya huko.

Jack Ma alipenda kusema kwamba eBay ni papa wa baharini na yeye ni mamba wa mto Yangtze. Wakipigana baharini ameumia, wakipigana mtoni ameshinda. Sisi mamba tunamjua, tuna Ruvuma. Mamba haendi kuwinda Bahari ya Hindi. Analala kimya kivukoni, pale watu wanapoteka maji, kwa sababu anajua lazima watapita. Nyie mna mto mzima kwenye karatasi, mikoa miwili halafu nchi, na hamjachagua kivuko hata kimoja.

Hili nalijua kwa kuungua. Mwaka 2016, Lindi mjini, mimi na mwenzangu tulifungua tovuti ya kuuza kila kitu. Tulizunguka na kamera tukapata matangazo 400, tukajiona tumemaliza kazi. Vitanda, friji, viwanja, pikipiki, mbuzi. Kulikuwa na beberu mmoja wa Ng’apa, amepigwa picha nzuri sana, mwenyewe kasimama kama anagombea udiwani. Alikaa kwenye tovuti miezi mitano. Mtu akapiga simu kutoka Kilwa Masoko akitaka kuja kumwona. Mbuzi alikuwa ameshaliwa Idi. Nilipokaa na daftari ndipo nikaona: matangazo 400, aina zaidi ya 60 za vitu, wilaya zote za mkoa. Ukigawanya, kila aina kwenye kila mji haifiki hata vitu viwili. Anayetafuta friji Nachingwea anaikuta moja, iko Kilwa, na muuzaji hapokei simu. Hafungui tena. Tulikuwa na tovuti iliyojaa na soko tupu.

Wenye mitaji nao hawakupona. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mwaka huohuo OLX, tovuti ya matangazo, iliuza biashara yake ya Tanzania, pamoja na ya Kenya, Uganda, Nigeria na Ghana, kwa kampuni nyingine ya matangazo iitwayo Jiji. Kwa hiyo ukisema “Tanzania nzima” jua unaingia kwenye uwanja ambao wengine wametoka wakichechemea. Na mshindani wenu wa kweli hapo Masasi si tovuti yoyote. Ni magrupu ya WhatsApp. Yule mama mwenye grupu la watu mia nne na kitu, anayeweka picha ya sofa saa tatu asubuhi na saa sita imeshaondoka, huyo ndiye mkubwa wa mtaa wenu.

Sasa mna nini ambacho tovuti kubwa haina, na mama wa grupu hana? Mnaishi mahali ambapo hata mzee asiyegusa simu janja anajua mnada kuliko vijana wengi wa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, miaka kumi na moja kabla ya haya mambo ya mtandao, na kila Oktoba nilikaa kwenye ule uwanja wa mnada wa korosho. Enzi zetu lilikuwa sanduku. Liko juu ya meza, limefungwa kufuli, wawakilishi wa wanunuzi wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki, wakulima nyuma chini ya mwembe, akina mama wamejifunga kanga viunoni tayari kwa lolote. Sanduku linafunguliwa, bahasha moja moja inasomwa kwa sauti: kampuni, tani, bei. Ikisomwa bei ya chini unasikia guno linatembea kutoka mbele hadi nyuma kama upepo kwenye majani ya mgomba. Mwisho mwenyekiti anauliza, “Tuuze, tusiuze?” na uwanja unajibu. Siku hizi madau yanapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei inasomeka kwenye skrini, lakini guno ni lilelile na neno la mwisho bado ni la wakulima. Oktoba 2018 walikataa bei, mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo. Msimu wa 2024/25 wakaona bei za juu ya Sh 4,000.

Wengi wanadhani kinachoufanya mnada ule uaminike ni sanduku au skrini. Mimi niliyepima magunia nakwambia ni mizani. Kabla dau lolote halijatolewa, korosho imeshafika, imepimwa, imepangwa daraja, iko ghalani, na mwenye ghala ameandika stakabadhi. Mnunuzi aliyekaa Mumbai anaweza kutoa dau kwa mzigo asiouona kwa sababu kuna mtu ameuona kwa niaba yake na ameweka sahihi. Tovuti kubwa za matangazo zinafanya kinyume: bei kwanza, picha kwanza, halafu mzigo utajijua. Humo ndimo tapeli anamolala.

Kwa hiyo badala ya kuiga Alipay kwa kushika hela ya watu, shikeni mzigo. Kodini fremu moja karibu na stendi ya Masasi. Muuzaji analeta kitu chake, kinakaguliwa, kinapigwa picha, anapewa stakabadhi yenye namba. Kisipofika kaunta, hakiendi kwenye tovuti. Hilo tu. Tovuti kubwa haiwezi kuwafuata huko, kwa sababu ingebidi iajiri watu kila wilaya kukagua vitu vya laki tatu, na hesabu zake hazikubali. Zenu zinakubali maana mnaishi hapohapo.

Masasi ni kivuko kweli. Barabara ya Mtwara, ya Newala, ya Nachingwea, ya Tunduru, na ile ya kuteremka Mangaka hadi Mtambaswala, ambako tangu 2010 Daraja la Umoja linatuunganisha na Msumbiji. Watu lazima wapite. Kilichobaki ni kuchagua wanapita na nini, na hapo naomba uniwie radhi kwa ukali: chagueni kitu kimoja. Viwili vikizidi.

Mnada unafaa kwa kitu ambacho bei yake haijulikani. Cha kwanza kabisa kuuzwa kwa Omidyar mwaka 1995 kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika. Kilikwenda kwa dola 14.83, na nani angekaa ofisini akapanga bei hiyo? Lakini simu mpya, mfuko wa saruji, mchele, bei yake inajulikana mpaka kwa watoto. Ukiipigia mnada unawachosha watu bure. eBay yenyewe iliweka kitufe cha kununua papo hapo mwaka 2000, na leo sehemu kubwa ya mauzo yake si mnada tena. Basi tafuteni kitu kilichotumika, cha bei ya kati, kinachohitajika na wengi, na kisicho na bei ya mtaa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na mashine za kupulizia mikorosho, zile za kubeba mgongoni zenye injini. Kila kijiji kinazo. Mkulima anayestaafu anayo, kijana aliyekwenda Dar kaiacha kwa baba yake, mwenye shida ya ada mwezi wa kwanza anaiuza kwa bei ya kutupa kwa jirani. Kisha Mei, Juni, mikorosho inaanza kuchanua, ugonjwa wa ubwiriunga unanyemelea, kila mtu anatafuta mashine ya kupulizia dawa ya salfa kwa wakati mmoja na bei inaruka. Muuzaji yuko Januari, mnunuzi yuko Mei, na katikati hakuna mtu. Nyie mna fremu yenye kufuli. Umeona?

Na ni kitu ambacho watu wanapigwa sana. Mchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, anatoa bei ya bovu, na mwenye zima analirudisha nyumbani, mpaka soko linabaki na mabovu matupu. Alipata Tuzo ya Nobel 2001 kwa hilo, lakini nenda kijiweni kwa mafundi hapo Masasi, watakueleza bila tuzo. Ujanja wa muuzaji unaanzia nyumbani: anaiwasha mashine, anaiacha ipate moto, ndipo anakuletea. Ikiwa ya moto inawaka kwa mvuto mmoja, unalipa, kesho asubuhi shambani unavuta kamba mpaka bega linateguka. Dawa yake ni ndogo. Mashine ilale kwenu usiku mmoja. Asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, fundi anaivuta mbele ya kamera, na video haikatwi: mivuto mingapi hadi iwake, moshi wa rangi gani, ikikaa dakika mbili inazima au haizimi. Kisha anafungua plagi na kuionyesha, anajaza maji kwenye tangi kuona kama linavuja. Video hiyo ndiyo inapanda kwenye tovuti, pamoja na namba ya injini. Nyota za tovuti kubwa zinasimulia muuzaji alivyokuwa jana. Ninyi mnaonyesha mashine ilivyo leo asubuhi, na hilo halihitaji miaka saba ya kukusanya sifa.

Fundi mlipe kwa kila mashine anayokagua, iuzwe isiuzwe. Ukimlipa kwa zinazouzwa tu, jicho lake litalegea.

Kingine nitakachowaomba mkivunje ni ule mnada wa saa 24, siku saba. Mnajivunia, nimeona mmeandika kwa herufi kubwa. Hebu kumbuka gulio la kijijini. Kwa nini ni siku moja kwa wiki? Si kwamba watu hawali siku nyingine. Ni kwamba wanunuzi 50 wakitawanyika siku saba, kila siku panaonekana pamekufa. Wakikusanyika Jumamosi, pamechangamka, na anayepita anavutwa na kelele. Soko changa linakufa kwa utupu unaoonekana. Fanyeni mnada mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, tuseme Jumamosi saa 10 jioni, mashine kumi na tano tu. Alhamisi mnatoa orodha kama picha moja inayosomeka, mnaipeleka kwenye magrupu yote, hata kwa yule mama. Msimpige vita, mpeni elfu mbili kwa kila mnunuzi aliyetoka kwake. Mwenye simu ya kitochi atume dau kwa meseji, aliyepo afike mwenyewe pale fremuni, na dau linapopanda mmoja wenu alisome kwa sauti. Watu wa kwetu wanataka kulisikia dau, kuliona tu hakutoshi.

Kuhusu kufunga mnada, kuna jambo la kiufundi ambalo rafiki yako mwandishi wa programu atalifurahia. eBay inafunga kwa saa maalumu, kwa hiyo watu wanavizia sekunde za mwisho. Mnada wa Amazon wa enzi zile ulikuwa unajisogeza mbele kila dau linapoingia dakika za mwisho. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha masoko hayo mawili katika utafiti walioutoa mwaka 2002, wakakuta kuvizia ni kwingi zaidi eBay. Sasa fikiria mtandao wetu: mtu yuko Chiungutwa, anatuma dau la mwisho, kiduara kinazunguka, bando limeisha, mashine imekwenda. Ataapa mmeiba. Dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, mnada usogee dakika tano nyingine. Unaisha kukiwa kimya, kama dalali anavyohesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Muuzaji apewe haki ya kuweka bei ya chini kabisa anayoikubali, iandikwe kwenye stakabadhi kabla ya mnada na ifichwe. Isipofikiwa anachukua mashine yake bila kudaiwa. Bila hiyo, siku ya kwanza mashine nzuri ikienda kwa elfu themanini, habari itafika Newala kabla ya jua kuzama. Na mpwa wa muuzaji anayepandisha dau asilolitaka mtamjua upesi, mji ni mdogo. Mfungieni msimu mzima, yeye na mjomba wake.

Kwenye hela nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo, anapotufundisha. Kila mwaka Serikali inawakamata, kila mwaka viongozi wanawahubiri wakulima, na kila mwaka kuna mtu anauza korosho yake kwa bakuli, gizani, kwa nusu ya bei ya mnadani. Nimewauliza wengi nilipokuwa karani, hakuna hata mmoja aliyekuwa hajui hesabu. Mtoto anaumwa leo. Mnada ni wiki ijayo, malipo benki ni baada ya hapo. Kangomba analeta noti sasa hivi. Anawashinda wakubwa wote kwa kasi ya hela, si kwa bei. Nyie pia mtakuwa na kangomba wenu, yule jirani mwenye laki na nusu taslimu, na mkimwambia muuzaji asubiri siku saba baada ya mnada, jirani ameshachukua.

Hivyo malipo yawe palepale kaunta, Jumamosi hiyohiyo, kutoka simu ya mnunuzi kwenda simu ya muuzaji, meseji ikiingia wote wanaiona, ndipo mashine inatoka. Hela isipite kwenu. Kwanza, nchi hii kila mtu ameshatumiwa ile meseji ya “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na namba ya mtu wa tatu inanuka utapeli hata ikiwa safi. Pili, kushika na kuhamisha hela za watu kama biashara kunaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na leseni yake ni ya Benki Kuu. Milioni sita zenu hazifiki huko. Ninyi mchukue kamisheni yenu kwa muuzaji baada ya mauzo.

Ndiyo, kamisheni. Acheni bure. Mtu anayelipa asilimia tano ana haki ya kufoka, na mtu asiyelipa anaondoka kimya. Mashine ikienda kwa 400,000 mnapata 20,000. Kumi na mbili kwa wiki ni 240,000. Toa fundi, kodi, bando, chai, kinachobaki hakiwezi kulisha vijana watatu, na sitaki kukudanganya kwamba kitalisha. Mmoja wenu abaki na kazi nyingine msimu wa kwanza. eBay inachukua zaidi ya asilimia 10 kwa vitu vingi, lakini hiyo ni bei ya mtu aliyeshakaa kivukoni miaka thelathini.

Mambo ya sheria nitayapitia harakaharaka. Mnada wa hadhara una leseni yake ya udalali, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri kabla ya Jumamosi ya kwanza, si baada. Mnakusanya majina na namba za watu, kwa hiyo someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mali ya wizi itawajia, nayo itakuja mapema: pikipiki ina kadi, mashine ya kupulizia haina, kwa hiyo kila muuzaji aje na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na orodha yenu ya namba za injini mwachie polisi wa kituo chenu kila Alhamisi bila kuombwa. Korosho ghafi msiiguse. Hata aje mtu na hadithi ya namna gani, hata gunia moja. Ufuta na mbaazi vilevile, zina utaratibu wake. Korosho iliyobanguliwa inaruhusiwa, ila hiyo ni biashara nyingine na bei yake inajulikana.

Najua utaniuliza vinyago, kila anayeniandikia kutoka huko anauliza. Kinyago cha Mmakonde kina bei isiyojulikana, kweli, na mnada ungekifaa, lakini mnunuzi wake hayuko Masasi. Huyo yuko kwenye eBay na Etsy, mfuateni hukohuko mkiwa wauzaji, msishindane. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, pitieni kwanza kwa watu wa misitu.

Msitume mizigo. Angalau msimu wote wa kwanza, anayetaka mashine aje Masasi au amtume mtu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, waliokuwa wamejiwekea ahadi za “siku mbili mzigo unafika” walijificha kwa wateja wao. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuisahau Dar kwa sasa. Mkishazijua mashine, mwaka wa pili ongezeni kaunta Nachingwea au Newala kabla hamjaongeza aina ya bidhaa. Ila mkisogea pwani, mashine za boti zina ugonjwa uleule wa moto na baridi, na wavuvi wa Msangamkuu watawaelewa siku ya kwanza.

Kipimo chenu kiwe kimoja, na kiandikwe ukutani: kati ya mashine kumi na tano za Jumamosi, ngapi zimeondoka. Watu waliojiandikisha, walioipenda picha, msiwahesabu. Zikiondoka tisa kwa Jumamosi nne mfululizo, mna soko. Zikiwa tatu tatu mpaka mwisho wa Juni, msimu ukiwa umepamba moto, fungeni, mgawane kilichobaki mkiwa bado mnasalimiana. Mimi na mwenzangu wa Lindi tulichelewa kufunga kwa mwaka mzima, na mpaka leo tukikutana sokoni tunaulizana habari za watoto tu.

Kuhusu jina la tovuti mlilolilipia, lile lenye “Tanzania” ndani yake, mwaka ukiisha msilihuishe. Pakeni rangi ubao, muandike mashine za kupulizia, Jumamosi saa 10, na namba ya simu ambayo mmoja wenu anaipokea kweli.